Frateri, Nianzie Wapi?



Leo nawaletea swali nililoulizwa na dada mmoja tuliyepata naye Kipaimara siku moja. Jina lake nalihifadhi, ila yeye mwenyewe ameniruhusu niandike.

Ilikuwa likizo ya mwaka 2024, nipo nyumbani Ujiji. Mnakumbuka mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Nia ilikuwa njema. Lakini mama yake anauza dagaa pale Kibirizi, na ziwa likifungwa, jiko nalo linafungwa. Jioni moja akaja kwetu, tukakaa nje. Akasema: "Frateri, nimepata kazi mbili za unenguaji. Moja baa ya hapa mjini, Ijumaa na Jumamosi. Nyingine Dar, wananitumia nauli ya treni, kula na kulala juu yao. Sijawahi kuifanya kazi hii. Nianzie wapi?"

Tuelewane. Hapa sizungumzii wanenguaji wa bendi za dansi. Hii ni kucheza na kanga nyepesi, nguo zinapungua kadiri usiku unavyokwenda, na wateja wanatuza noti mwilini.

Basi mimi na shahada yangu ya falsafa nikaanza kuhubiri. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, mtu si chombo, Kant kasema hivi, Mtakatifu Yohane Paulo II kafundisha vile. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu: "Frateri, hayo tulifundishwa wote, tulikaa benchi moja. Sijakuuliza kama ni dhambi. Nimekuuliza nianzie wapi." Akaaga, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Je, nikimjibu "anzia hapa", nimeshiriki dhambi? Na nikinyamaza, ndiyo nimekuwa msafi?

Swali hili si geni katika Kanisa. Wanateolojia wa maadili walibishana: mtu akishaamua kutenda ubaya mkubwa, inaruhusiwa kumshauri atende ulio mdogo? Wapo waliokataa. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, msimamizi wa waungamishaji, aliona inaruhusiwa, kwa sharti kwamba mtu huyo ameshaamua kweli. Hapo humsukumi kwenye ubaya, unampunguzia.

Nikashika hilo neno: ameshaamua. Je, dada yetu alikuwa ameshaamua? Kwa kweli, mtu aliyekwisha kuamua kabisa haji kumuuliza frateri. Anapanda treni tu. "Nianzie wapi" ilikuwa namna ya kusema "naogopa", nami nikamjibu kana kwamba ameniletea hoja ya darasani.

Kesho yake nikaenda kwao. Safari hii nikauliza.

"Nauli ya treni utairudishaje?" Watakata kwenye malipo. "Kiasi gani, kwa miezi mingapi?" Hawajasema. "Kitambulisho chako kitakaa na nani?" Na bosi. "Mkataba?" Hakuna, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. "Mteja akitaka zaidi ya kucheza, ukakataa, utalala wapi usiku huo?" Akanyamaza.

Sisi watu wa Ujiji hatuhitaji kuelezwa sana. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita hapa ikielekea Bagamoyo, watu wamefungwa minyororo. Siku hizi mnyororo unaweza kuwa deni la nauli. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, lakini sheria haiwezi kumuuliza binti maswali kabla hajapanda treni. Hiyo ni kazi ya ndugu na rafiki.

"Basi Dar siendi," akasema mwenyewe. "Na ya hapa?"

"Dada, hata hiyo sikushauri. Ila ukienda, mama ajue uko wapi. Nauli ya kurudi iwe mfukoni mwako kabla hujaingia. Usinywe usichofungua mwenyewe. Na siku ukitaka kuacha, hata saa nane usiku, piga simu nyumbani."

Nilibariki dhambi? Nimelifikiria sana. Mvuvi akitaka kuingia ziwani na upepo umechafuka, utamwambia usiende. Aking'ang'ania, hutamnyima jaketi la kuokolea maisha ili kuthibitisha kwamba ulikuwa sahihi. Jaketi si ruhusa. Ni kumtaka arudi akiwa hai, maana aliyekufa maji hana nafasi ya kutubu.

Sasa niwageukie ninyi, na mimi nikiwemo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 27, unataja utumwa, ukahaba na kazi zinazomfanya mtu chombo cha faida. Kisha unasema jambo zito: mambo hayo yanamchafua anayeyatenda kuliko anayetendewa. Sokrates naye alishikilia kwamba kutenda dhuluma ni kubaya kuliko kudhulumiwa. Mahubiri yangu yote yalimlenga anayecheza. Anayetuza sikumgusa. Na nikiwa kidato cha nne niliwahi kusimama kwenye sherehe ya mtaani usiku, nikatazama mpaka mwisho. Sikuwa na njaa. Yeye alikuwa nayo.

Mapokeo yanasimulia kwamba Mtakatifu Nikolasi aliposikia mabinti watatu maskini wako hatarini kuuzwa, alitupa fedha dirishani kwao usiku. Hakuanza na mahubiri. Nami nikapeleka habari kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, bila kutaja jina, tuchange mtaji. Tukachanga. Ila tulichelewa. Fedha ilipotimia Agosti, alikuwa ameshacheza wikendi saba.

Sasa yuko Kibirizi na mama yake, anauza dagaa. Ameungama, anasali misa ya kwanza, anakaa nyuma. Aliniambia kinachomuuma siyo zile wikendi saba. Ni kwamba baadhi ya vijana waliomtuza Jumamosi ndio wanaomkwepa Jumapili.

Ndugu yangu, kama ni wewe, nenda kaungame, kisha nenda kamsalimie. Na kama kuna dada au kaka atakayekuuliza "nianzie wapi", muulize kwanza anaogopa nini, na nyumbani wamekula nini.

Ee Yesu, uliyeketi na wakosefu bila kuwaonea aibu, utufundishe kuketi nao. Amina.

Tuombeane.