Katika Kutafuta Sababu ya Maradhi ya Mtoto

Mzazi ambaye mtoto wake anaumwa na tumbo miezi nenda miezi rudi, akila likavimba, asipokula akakonda, akatapika pasipo homa, na kila tabibu aliyempima akasema haoni kitu, huwa na mizigo miwili: wa kwanza ni maradhi yenyewe, na wa pili ni swali la watu wanaotaka kuambiwa hospitali wamesema ni nini, naye, kwa kuwa hana la kujibu, kimya chake hugeuka upesi, katika masikio yao, kuwa ungamo.

Katika Karatina, mji wa soko ulio chini ya Mlima Kenya, mzazi huyo hana haja ya kwenda mbali kutafuta rai. Muuza viazi atamwambia ni minyoo. Mwenye duka la dawa atasema ni amiba. Shosho, yaani nyanya yake, atauliza mtoto alikula kwa nani. Na maabara ndogo ya ghorofani, baada ya kupima tone la damu, itaandika taifodi. Nimeuona mfuko wa plastiki wa mama mmoja wa huko, umejaa vikaratasi vya maabara vilivyofifia wino, na katikati yake kijitabu cha kliniki ambamo mstari wa uzito wa mtoto ulikuwa ukipanda vizuri, kisha ukalala. Taifodi ilikuwa imeandikwa mara kadhaa, na kila mara mtoto akaanzishiwa antibayotiki upya. Kipimo hicho cha damu, kiitwacho Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896, hakitafuti kijidudu chenyewe bali athari zake katika damu, na athari hizo zaweza kubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, au kuletwa na vijidudu vingine. Kwa hiyo jibu lake peke yake si hoja ya kutosha. Lakini mama yule alilipokea jina lile kwa shukrani, nami simlaumu, maana hata jina lisilo sahihi humwondolea mtu tuhuma kwa siku chache.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Anayeuliza sababu ya maradhi ya mtoto huuliza maswali mawili kwa pamoja: ni kitu gani kinachomuumiza, na kwa nini awe yeye. La kwanza ni la tabibu. La pili ni la Mwenyezi Mungu. Na dhuluma huanza pale la kwanza likosapo jibu, watu wakalijaza kwa la pili.

Wazee wa Kikuyu waliyakabidhi yote mawili kwa mtu mmoja. Mundu mugo, yaani mganga wao, alitikisa kibuyu chake, akamwaga mbegu na kuzihesabu, akatambua ni mzimu gani uliokasirika au ni mwiko gani uliovunjwa, kisha akaongoza tambiko la utakaso, mbuzi akachinjwa, na mgonjwa akautema uovu kwa ulimi wake mwenyewe. Sithubutu kuyadharau hayo, kwa kuwa aila nzima ilikusanyika, na mama hakuachwa peke yake na mtoto mgonjwa. Walakini mashauri yale aghalabu hayakwisha bila ya kupatikana mkosaji. Na desturi hiyo haikufa walipokuja wamishonari wa Kiskoti na kujenga hospitali yao Tumutumu, mwanzoni mwa karne ya 20. Imevaa nguo za Jumapili, nayo husikika hata leo pale anayeombea wagonjwa anapomwinamia mama na kumwuliza ni dhambi gani aliyoificha.

Swali hilo lina jibu la kale. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua aliyekosa ni yeye au ni wazazi wake, nao wakajibiwa kwamba si yeye wala si wazazi wake. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila ya kunena neno, na hizo ndizo siku walizomfaa, mpaka walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia kosa. Kadhalika, katika Hadithi alizozikusanya Bukhari imo habari ya mtu aliyemwendea Mtume Muhammad kushtaki tumbo la ndugu yake. Akaambiwa amnyweshe asali, akarudi kusema hali imezidi, akaambiwa amnyweshe tena, na tena, hata akapona. (Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, kwa maana yaweza kuwamo mbegu za kijidudu chenye sumu ambacho utumbo wake mchanga hauwezi kukishinda.) Nami huzingatia jambo moja katika habari hiyo: mtu yule alikwenda na kurudi, wala hakuulizwa hata mara moja nduguye ametenda nini.

Tena sababu yaweza kuwapo ilhali haijulikani. Mwaka 1888 tabibu Samuel Gee wa London aliandika habari za watoto waliokuwa wakiharisha na kukonda huku matumbo yamevimba, akadhani kuwa tiba imo katika chakula, lakini ni chakula gani hakujua. Miaka zaidi ya 50 ikapita. Watoto wengine walilishwa ndizi, wengine wakafa. Kisha, katika njaa kuu ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, Willem Dicke, tabibu wa watoto, akaona wagonjwa wake wa namna hiyo wanapata nafuu wakati wenzao wazima wanadhoofika, na mkate uliporudi, maradhi yakarudi nao. Katika tasnifu yake ya 1950 alibainisha kwamba mdhuru wao ni ngano. Ngano! Ndiyo hiyo hiyo ya chapati na mandazi tunayowapa watoto kwa mapenzi. Basi mama wote wale wa miaka 60 iliyotangulia, waliojisaili usiku kucha wamekosea wapi, hawakuwa wamemkosea yeyote.

Wala si kila tumbo lina siri ya namna hiyo. John Apley na mwenzake waliwachunguza watoto wa shule 1,000 huko Uingereza, wakatangaza mwaka 1958 kwamba takriban mmoja katika 10 huumwa na tumbo mara kwa mara, na walio wengi katika hao hawakuonekana na ugonjwa wa kiungo chochote. Maumivu yao ni ya kweli; mishipa ya fahamu kati ya utumbo na ubongo ndiyo iliyo nyepesi mno kuhisi. Ila mtoto anayepungua uzito, au anayetoa damu, au anayetapika nyongo ya kijani, huyo si wa kungojewa: apelekwe hospitali kubwa ya Nyeri, hata ikimbidi mzazi kuing'ang'ania barua ya rufaa.

Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki katika karne ya 10, na ambaye aliandika juu ya maradhi ya watoto, aliandika pia risala ya kueleza kwamba tabibu hodari si yule awezaye kuponya maradhi yote. Naiona insafu kubwa katika kauli hiyo. Tabibu asemaye kwamba bado hajajua, kisha akampangia mzazi siku ya kurudi, hajamnyima kitu. Amemlindia swali lake lisije likachukuliwa na mwenye kuuza majibu. Mzazi naye afungue daftari, aandike mtoto alikula nini, tumbo lilianza saa ngapi, choo kilikuwaje, maana daftari la namna hiyo humsaidia tabibu kuliko vikaratasi vingi vya maabara.

Ama lile swali la pili, siamini kwamba Mungu amewaachia majirani walijibu. Mzee wa kanisa atakaye kufika nyumbani kwa mama yule na afike, aombe, kisha Jumatatu asubuhi amshikie nafasi katika foleni ya hospitali, mama apate kuuza kabichi zake kwanza.