Ufunguo wa Sanduku la Urithi

Kuhifadhi ni wema, lakini wema usioomba ruhusa waweza kugeuka wizi wenye adabu. Siku hizi maktaba za vyuo vikuu hukusanya picha, sauti na hati za urithi wa wenyeji na kuziweka katika intaneti ili kila mtu azione. Je, mwenye urithi ana neno gani katika kazi hiyo?

Iringa ina ushahidi wake. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyelishinda jeshi la Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua mwaka 1898 asikamatwe. Kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliagiza fuvu lirudishwe. Hata hivyo halikurudi mpaka mwaka 1954, lilipotolewa katika makumbusho ya Bremen na kukabidhiwa mjukuu wake, Adam Sapi. Leo limo Kalenga. Miaka 56 ni mingi, lakini mfupa ni kitu kimoja: ukidaiwa waweza kurejea. Picha si hivyo. Ikisha kusambaa, hapana mkataba uwezao kuirudisha.

Yupo atakayesema kwamba elimu haina mlango, na kwamba mwanafunzi wa Mbeya asiye na nauli ya Kalenga ana haki ya kujifunza. Ni kweli. Lakini aendaye Kalenga hupokewa na wenyeji, na hujua kuwa yu mbele ya marehemu mwenye jamaa. Atazamaye kioo cha kompyuta hapigi hodi.

Tena urithi hauna msemaji mmoja. Merere wa Wasangu, upande wa Mbeya, aliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Maelezo ya Uhehe peke yake yaweza kumwita msaliti. Ya Usangu yaweza kumwita mtu aliyetaka kurudishiwa nchi aliyonyang'anywa na Wahehe. Maktaba ikichagua moja, imehukumu bila kusikiliza.

Basi ushirikiano si kuwanywesha wazee chai na kuondoka na sauti zao. Ni kuwaachia uamuzi: jina gani liandikwe, nini kionyeshwe, nini kisitiriwe, na masimulizi yanayopingana yakae pamoja bila moja kufuta jingine. Kazi itakwenda polepole, na pengine picha nzuri zitabaki gizani. Hasara hiyo yavumilika. Mhifadhi mwaminifu hulinda sanduku akijua kwamba ufunguo si wake.