Je, Hofu Yatosha Kumwongoa Mtu?

Majira ya Noeli shule nyingi duniani huonyesha mchezo wa bahili Scrooge. Kisa hicho kilitungwa na Mwingereza Charles Dickens mwaka 1843, na mwaka 1844 kilikwisha kuchezwa katika majumba ya michezo ya London.

Usiku ule bahili atokewa na roho watatu: Noeli iliyopita, iliyopo na ijayo. Mtu asidhani kuwa ni mizimu ya wazee. Siku haina miguu wala kinywa. Mtungaji ameivika sura ya mtu ili tuione, kama Kitabu cha Methali kinavyomwonyesha Hekima kuwa mama ajengaye nyumba na kualika wageni mezani. Chini ya vazi la roho wa pili wamo watoto wawili waliokonda, mvulana Ujinga na msichana Uhitaji. Uhitaji ukitajwa kwa jina tu, twapita njia yetu. Ukipewa macho, watutazama.

Roho wa tatu, aliyefunikwa nguo nyeusi, hasemi neno. Amwonyesha Scrooge kaburi lenye jina lake. Kesho yake bahili apeleka bata mzinga nyumbani kwa karani wake, tena amwongezea mshahara. Basi wengi husema: aligeuka kwa kuogopa kufa. Kama ndivyo, wema huo una thamani gani? Hata mwizi amwonaye askari huacha kuiba. Swali hili latuhusu, maana wako waombao ubatizo baada ya ugonjwa au radi.

Kanisa halidharau hofu. Mtaguso Mkuu wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba majuto yasiyo kamili, hata yakitoka katika hofu ya jehanamu, ni kipaji cha Mungu, yakiondoa nia ya kukosa na yakiwa na tumaini la msamaha.

Lakini tazameni vema mpango wa kisa. Kabla ya kaburi, roho wa kwanza alimwonyesha mtoto aliyeachwa peke yake shuleni, ndiye Scrooge mwenyewe. Akalia, akamkumbuka mvulana aliyeimba mlangoni pake jioni ile, akatamani angalimpa kitu. Baadaye akauliza kama Tim, mtoto kilema wa karani, ataishi. Hapo kaburi halijaonekana bado, wala hapana faida yake mwenyewe. Huruma ilitangulia; hofu ikaja nyuma kumkaza asirudi. Wanaoiruka sehemu hiyo, kwa kuwa haichekeshi wala haitishi, wabaki na mtu aliyetishwa tu.

Naye Zakayo, katika Injili ya Luka, hakuonyeshwa kaburi lolote. Alipata mgeni nyumbani mwake, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini.