Mawazo Yako Yakiwa Mlangoni



Watu wa ndoa wanapomwendea Padre au katekista, kilio chao mara nyingi ni kimoja: amani. Mume husema, "Nikiingia nyumbani kwangu moyo hautulii." Mke husema, "Siku nyingi sijapata usingizi." Ukiwauliza nani amempiga mwenzake, au nani amemtukana mwenzake, wakati mwingine utakuta hakuna. Chakula kimepikwa, watoto wameenda shule, mbuzi wako zizini. Hata hivyo kila mmoja anapigana vita, na vita hivyo viko kichwani mwake. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya mawazo yetu, na jinsi mtu wa ndoa anavyoweza kuyatawala kwa neema ya Mungu kabla hayajamtawala yeye.

MAJI YANATOKA MBALI

Sisi tunaokaa Garsen na vijiji vya Delta ya Tana tunajua kwamba mafuriko huweza kuja jua likiwaka. Vumbi linaruka barabarani, mbinguni hakuna wingu, na mto unapanda. Mvua imenyesha kule milima ya Aberdare na Mlima Kenya, mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamejaa, na maji yanatushukia sisi kabla hayajafika baharini karibu na Kipini. Tuliyaona wakati wa El Niño mwaka 1997 na 1998. Tuliyaona mwaka 2018, na tena mwaka 2023 na 2024. Hakuna mtu wa Garsen anayelaumiwa kwa kuleta maji hayo. Lakini aliyeambiwa kwamba mto unapanda, naye asiwahamishe watoto wake mahali pa juu, huyo ana swali la kujibu.

Mawazo nayo huja hivyo. Wazo la wivu, la hasira, la kumtamani mke wa jirani, au lile la "afadhali ningeolewa na yule wa kwanza", laweza kukuingia hata ukiwa umeshika Rozari mkononi. Limetoka mbali: katika malezi yako, katika maneno ya watu, katika njaa na uchovu, na pengine kwa yule Mwovu. Wazo linalokujia bila kulitaka si dhambi. Dhambi huanza pale mtu anapolikaribisha kwa kujua na kwa kutaka, akalipa kiti, akalipa na chakula.

Zamani, katika karne ya 4, mmonaki mmoja aitwaye Yohane Kasiano alikwenda jangwani Misri kuwasikiliza wazee wa sala. Baadaye aliandika mafundisho yao. Mzee mmoja, Abate Musa, alimfundisha kwamba akili ya mtu ni kama kinu cha kusagia kinachozungushwa na maji. Maji yakipita, kinu hakiwezi kusimama. Lakini mwenye kinu ndiye anayechagua atie nini, ngano, shayiri au magugu. Sisi tunaijua mashine ya unga ya hapo sokoni. Ukitia mahindi yaliyooza, ugali utakaoula jioni utakuwa mchungu, na usiilaumu mashine.

NYUMBA ILIYOJENGWA USIKU MMOJA

Tuchukue mfano, ambao si wa nyumba moja. Ni wa nyumba nyingi.

Mafuriko yamechukua shamba la mpunga na ndizi. Mke na watoto wanaishi chini ya turubali mahali pa juu. Mume amekwenda Malindi kutafuta kibarua, naye ameahidi kutuma pesa kwa simu siku ya Ijumaa. Ijumaa inapita. Mke anapiga simu, haipatikani. Saa mbili usiku anawaza, "Pengine hakulipwa." Saa nne anawaza, "Mbona asiniambie?" Saa sita anakumbuka jirani aliyesema kwamba wanaume wakifika Malindi hubadilika. Kufika alfajiri, mama huyu amekwisha kumjengea mume wake nyumba huko mjini, amemtia mwanamke ndani yake, na amempa mtoto. Hakuna alichokiona kwa macho ila simu isiyopatikana.

Mume naye hajalala. Tajiri amemwambia arudi Jumatatu. Simu imekwisha moto. Anawaza, "Nikifika mikono mitupu atanidharau. Huyu mwanamke ananipenda siku ya pesa tu." Naye amejenga nyumba yake. Siku ya Jumapili anapofika nyumbani, watu wawili wasio na kosa wanakutana kama maadui. Neno la kwanza likitoka, ni la ugomvi.

Wapendwa, pesa iliyochelewa ilikuwa taabu ya kweli. Lakini taabu hiyo ingebebwa na watu wawili wakishikana mikono. Kilichowatenga ni yale waliyoyaongeza usiku, kila mmoja peke yake.

Tuna methali isemayo, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hii ina hekima yake, lakini katika ndoa imevunja nyumba nyingi. Aliyeitia moyoni humtazama mwenzake kila siku akingoja hilo jambo lije, na asipoliona leo, ataliona kesho. Afadhali tushike ile nyingine: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

KAINI ALIONYWA MAPEMA

Kitabu cha Mwanzo sura ya 4 kinatueleza habari za ndugu wawili, mmoja mkulima na mwingine mfugaji. Sisi wa Tana hatuwezi kuisoma habari hiyo kama watu wa mbali. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika Delta yetu, wakulima na wafugaji, akina mama na watoto. Siku moja tu, tarehe 22 Agosti 2012, huko Riketa, walikufa zaidi ya 50. Sisemi kwamba kabila fulani ni Kaini. Kila upande ulilia, na kila upande ulizika.

Ninataka mwangalie jambo moja. Mungu alizungumza na Kaini kabla hajamwua ndugu yake, uso wake ulipokuwa umekunjamana na hasira ikiwa bado ndani. Alimwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, na kwamba yampasa kuishinda. Kwa hiyo wakati wa kushinda ni ule wazo likiwa bado mlangoni. Baadaye, fimbo ikiwa imeinuliwa, ni vigumu sana. Na watoto wetu hujifunza kwetu. Mtoto akisikia kila jioni baba akimwaza mama vibaya, na mama akimwaza jirani vibaya, atakua akijua kwamba ndivyo watu wanavyowazwa.

Mtazameni sasa Mtakatifu Yosefu katika Mathayo sura ya 1. Mchumba wake Maria ameonekana ana mimba, naye Yosefu anajua kwamba mtoto si wake. Hilo halikuwa wazo la kuota. Mwanaume gani hapa kwetu angenyamaza? Lakini Yosefu hakulipeleka neno hilo kisimani wala sokoni. Hakutaka kumwaibisha. Aliliwaza polepole, akalala nalo mbele ya Mungu, na alipokuwa bado akiwaza, malaika alimjia katika ndoto. Mtu mwenye haki, tena mwenye sababu, bado hakuwa ameijua kweli yote juu ya mke wake. Kama angefanya haraka jioni ile, asingeisikia sauti ya malaika. Je, wewe mwenye simu isiyopatikana tu, una hakika kiasi gani?

TUFANYE NINI?

Kwanza, lisimamishe wazo mlangoni na uliulize limetoka wapi. Jiambie, "Nimeona nini kwa macho yangu? Na nimeongeza nini?" Yule mama wa mfano wetu aliona kwamba simu haipatikani. Mwanamke na mtoto aliwaongeza. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 10:5, anafundisha kwamba kila wazo litekwe nyara lipate kumtii Kristo. Mateka huulizwa maswali kabla ya kuruhusiwa kutembea kijijini.

Pili, usilipeleke nje. Jirani, shoga, au rafiki wa kijiweni, hata akikupenda, ataongeza yake. Siku hizi wazo huandikwa kwenye simu usiku na asubuhi limefika ukoo mzima. Ukihitaji shauri, chagua mtu mmoja mwenye kutunza siri: Padre, wasimamizi wenu wa ndoa, au mzee wa jumuiya mwenye busara.

Tatu, mpe Mungu dakika kumi kabla ya kulala. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu vitani huko Pamplona, akalala kitandani muda mrefu. Hapo aligundua kwamba mawazo mengine yalimpendeza kwa kitambo kisha yakamwacha mkavu na mwenye huzuni, na mengine yalimwachia furaha iliyokaa. Nawe jiulize hivyo. Wazo hili nililolitunza leo limeniacha vipi? Limenisogeza kwa mwenzangu, au limeniondoa? Mshukuru Mungu kwa lililo jema, na uombe msamaha kwa ulilolikaribisha.

Nne, likibaki, mwulize mwenzako. Usimhukumu, mwulize. "Baba watoto, Ijumaa nilipokukosa kwenye simu niliogopa sana. Kulikuwa na nini?" Maneno haya yanamfungulia mtu mlango wa kusema kweli. Lakini ukisema, "Najua ulikokuwa," umekwisha kufunga. Chagueni saa inayofaa, watoto wakiwa wamelala na njaa imepungua. Na pale mnapoweza, jua lisichwe mkiwa na uchungu, kama Paulo alivyowaasa Waefeso (4:26).

Tano, itie akili nafaka njema. Paulo alikuwa kifungoni alipowaandikia Wafilipi kwamba wayafikiri yaliyo ya kweli, ya haki na ya kupendeza (4:8). Tena aliwaahidi kwamba amani ya Mungu itailinda mioyo yao na nia zao (4:7). Kila jioni mtajie mwenzako jambo moja jema ulilomwona akilifanya. Katika 1 Wakorintho 13:5 tunafundishwa kwamba upendo hauweki hesabu ya mabaya, na Baba Mtakatifu Fransisko alilieleza neno hilo kwa kirefu katika waraka wake juu ya familia, Amoris Laetitia, wa mwaka 2016. Wengi wetu tuna daftari moyoni. Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka wa harusi. Daftari hilo lifungwe.

TAHADHARI

Ndugu, mtu asichukue mafundisho haya akamfunge nayo mwenzake mdomo. Mke anayepigwa asiambiwe, "Tuliza mawazo yako." Kipigo si wazo. Huyo atafute usalama wake na wa watoto wake, aende kwa Padre, kwa chifu, au polisi, na hakuna dhambi katika kufanya hivyo. Vivyo hivyo mume ambaye mke wake amekopa kwa siri mpaka nyumba inadaiwa, hiyo ni habari ya kuzungumzwa mezani, na kunyamaza si utakatifu.

Tena kuna mawazo ambayo ni ugonjwa. Mtu aliyepoteza nyumba kwa maji, au aliyeona watu wake wakiuawa, anaweza kushindwa kulala kwa miezi, akasikia hofu bila sababu, hata akatamani kufa. Usimwambie kwamba hana imani. Msindikize hospitali, huku ukimwombea. Daktari na sala hawagombani.

Na wote tujue kwamba nguvu zetu peke yake hazitoshi. Mwendee Bwana katika Kitubio, mpokee katika Ekaristi, na msali pamoja kama mume na mke, hata kama ni Baba Yetu mmoja kabla ya kuzima taa. Mawazo mengine mabaya juu ya mwenzako hupoteza nguvu ukimsikia akikuombea kwa jina lako.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Ni wazo gani juu ya mwenzangu ambalo nimelitunza muda mrefu bila kumwuliza?

2. Tunapokuwa na taabu ya pesa au mafuriko, sisi wawili huwa tunasogeleana au tunaachana?

3. Ni saa gani ya siku inayotufaa kuzungumza bila ugomvi?

4. Watoto wetu wanatusikia tukisema nini juu ya majirani wa kabila na dini nyingine?

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyeukemea upepo na bahari ikatulia, ingia katika nyumba yetu. Utuonyeshe tuliyoyaona na tuliyoyaongeza. Utupe saburi ya Yosefu, na moyo wa Mama Maria aliyeyaweka mambo yako moyoni na kuyatafakari. Utulinde sisi, watoto wetu na majirani zetu wote wa Mto Tana. Amina.