"Nipo Hapa kwa Muda Tu"



Vijana wenzangu, leo naomba nianze na msalaba uliovunjika mkono.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni nesi huko Marekani. Yeye, shemeji na mtoto wao wanaishi ndani ya nyumba ya magurudumu, zile ambazo Wamarekani wanaziita RV. Ya kwao ni ya mtumba, inavutwa na pikapu. Urefu wake ni kama mita nane na nusu, upana haufiki mita mbili na nusu. Humo humo jiko, humo humo kitanda, humo humo choo. Juu ya meza ya kulia kuna msalaba mdogo wa mpingo aliopewa na mama mkubwa siku anaondoka nyumbani. Kila wakihama, dada anaushusha, anaufunga kwa taulo la mtoto na kuuweka kwenye droo ya vijiko. Safari ya kwanza hakuushusha. Breki moja tu ya ghafla, msalaba ukaruka mpaka kwenye sinki, na mkono mmoja wa Bwana ukavunjika. Ameuunganisha kwa gundi, lakini ukitazama vizuri ufa unaonekana.

Kwa nini wanaishi hivyo? Siyo utalii. Kule kuna manesi wa mkataba: hospitali ikipungukiwa watu, wakala anakupeleka, na mara nyingi mkataba ni wa wiki 13. Ukiisha, unaongezewa au unafunga safari kwenda jimbo jingine. Sasa fikiria, wenye nyumba wengi wanataka uandike mkataba wa mwaka mzima, na wewe una wiki 13. Nyumba za muda mfupi bei yake hazishikiki. Basi wakapiga hesabu, wakanunua nyumba inayotembea, na shemeji, ambaye ni fundi wa kuchomelea, anatafuta kibarua kila wanapofika. Wameshakaa Texas, wameshakaa Nebraska.

Maisha yenyewe yana kazi zake. Mkifika kambini mnaweka mbao chini ya matairi hadi nyumba isimame sawa, mnaunganisha umeme, maji, na bomba la maji machafu. Kumwaga tenki la choo ni zamu ya shemeji, na hilo halina mjadala. Kule Nebraska bomba la maji liliganda usiku wa baridi, dada akalala chali sakafuni saa kumi na moja alfajiri akiliyeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele, huku zamu ya wodini inamsubiri. Ananisimulia anacheka. Lakini mimi namjua, kicheko chake kingine ni cha kuficha.

Na tusije tukapamba mambo. Mitandaoni utaona picha za watu wanakunywa kahawa mlangoni mwa gari, jua linazama, maneno matamu ya uhuru. Wapo wa hivyo. Wapo pia wazee waliopoteza nyumba na akiba baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wakaingia kwenye magari wakifuata vibarua vya msimu, mara maghala, mara mavuno ya viazi-sukari. Mwandishi Jessica Bruder aliwaandikia kitabu, Nomadland, mwaka 2017, na filamu yake ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Mtakatifu Yohane Paulo II katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 alifundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaotosha kuanzisha familia na kuitunza. Mtu akifanya kazi ya kweli na bado hapati pa kuweka kichwa, hapo kuna jambo la kuuliza, siyo la kupiga picha.

Turudi kwa dada. Miezi michache iliyopita alinipigia simu usiku. Akaniambia, "Frateri, sisi siku hizi Misa tunakwenda tukijisikia. Kuna maana gani? Kila kanisa tunaloingia sisi ni wageni. Ukianza kujua jina la mtu mmoja, mkataba umekwisha. Sisi siyo wa parokia yoyote."

Jamani, mimi nina shahada ya falsafa, na ile shahada ikanipanda kichwani. Nikaanza kumweleza habari za Gabriel Marcel, yule mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, na kitabu chake Homo Viator: kwamba binadamu kwa asili yake ni msafiri, kwamba tumaini ni jambo la aliye njiani. Nikaongea vizuri tu, kwa kweli. Dada akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema taratibu: "Mdogo wangu, mtoto wangu ana miezi saba hajabatizwa."

Nikakosa la kusema.

Kumbe walikwishauliza. Walipiga simu ofisi ya parokia moja, wakaulizwa wameandikishwa wapi, wameandikishwa tangu lini, watakaa mpaka lini. Dada akajibu ukweli: hatujaandikishwa popote, tutaondoka baada ya wiki 13. Akaambiwa basi wasubiri mpaka watakapotulia mahali, wabatizie huko. Simsemi vibaya aliyepokea simu. Kanisa linapombatiza mtoto linataka kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani, na mtu asiyejulikana ni vigumu kumsimamia. Lakini dada aliposikia "mkitulia" alijua jibu lake. Hawajui watatulia lini.

Naomba niungame jambo. Moyoni mwangu na mimi nilikuwa nawahukumu. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya kwanza ya Kanuni yake, anataja aina nne za wamonaki, na wabaya kuliko wote ni wale wazururaji wanaokaa siku tatu au nne katika kila monasteri kisha wanakwenda zao. Nilipokuwa namsikiliza dada, picha hiyo ilinijia. Baadaye nikaenda kuisoma ile sura upya. Kosa la wale siyo kutembea. Ni kwamba ni watumwa wa matakwa yao wenyewe na ya tumbo lao, wanahama ili wasipate wa kuwaambia kitu. Dada yangu anahama ili apate chakula cha mtoto. Nilikuwa nimesoma vibaya, na nimemsoma vibaya mtu kwa kutumia kitabu cha mtakatifu.

Sasa mimi niko teolojia mwaka wa kwanza, Sheria za Kanisa bado sijaziingia sawasawa. Nikamwendea frateri mmoja wa madarasa ya juu, tukafungua Kanuni za mwaka 1983. Kanuni ya 102 inasema makazi ya kudumu unayapata kwa kukaa mahali ukiwa na nia ya kubaki, au kwa kukaa miaka mitano kamili. Halafu kuna makazi ya namna ya pili, madogo kidogo: ukikaa ukiwa na nia ya kubaki angalau miezi mitatu, inatosha. Miezi mitatu! Frateri akachukua kalamu: wiki 13 ni siku 91. Kanuni ya 202 inahesabu mwezi kuwa siku 30, kwa hiyo miezi mitatu ni siku 90. Dada yangu anapita kwa siku moja. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Maana yake ni nini? Maana yake tangu siku anayoegesha ile nyumba na kuweka mbao chini ya matairi, akiwa na mkataba wake mfukoni, dada ana paroko. Siyo wa kuazima. Paroko wake. Na hata mtu asiye na makazi popote kabisa, ambaye sheria inamwita kwa Kilatini vagus, Kanuni ya 107 haimwachi hivi hivi: paroko wake ni yule wa mahali alipo wakati huo. Yaani Kanisa limekaa chini likamfikiria mtu asiye na anwani, likaandika kwamba na yeye ana mchungaji. Mimi nilizoea kudhani sheria ni geti. Usiku ule niliiona kama mama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

Ndipo nikafungua Biblia, nilipopaswa kuanzia. Kitabu cha Hesabu, sura ya 9. Waisraeli wako jangwani, wingu liko juu ya Hema. Wingu likiinuka wanasafiri, likitua wanapiga kambi. Na Maandiko hayafichi kwamba ratiba ilikuwa ngumu: mara nyingine wingu lilikaa siku mbili, mara mwezi, mara muda mrefu zaidi, na mara nyingine kuanzia jioni hadi asubuhi tu. Umeshamaliza kupigilia vigingi, watoto wamelala, asubuhi mnaondoka. Ila kila walipotua, hata kwa usiku mmoja, Hema lilikuwa katikati ya kambi. Hakuna mahali palipohesabiwa pafupi mno kwa Mungu kukaa nao.

Halafu tazama Kutoka 25:15. Sanduku la Agano lilikuwa na mipiko ya kulibebea, imepitishwa kwenye pete zake, na Mungu akaamuru isitolewe kamwe. Hata Sanduku likiwa limetulia, mipiko ipo. Mungu wetu alikaa kama mtu ambaye muda wowote yuko tayari kwenda na watu wake. Na Yohane anapotuambia kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, kitenzi chake cha Kigiriki ni kile cha kupiga hema. Basi nikamwona dada anafunga msalaba kwa taulo la mtoto, nikakumbuka Walawi wa ukoo wa Kohathi, ambao vyombo vitakatifu vilifunikwa kwa vitambaa na ngozi kabla wao hawajavibeba. Ile droo ya vijiko sikuicheka tena.

Sasa nigeukie kwetu, maana najua wengi mnaosoma hapa hamna RV. Lakini umehamia Dodoma kikazi, au Mwanza, au Geita. Umepanga chumba, umelipa kodi ya miezi sita. Mjumbe wa jumuiya amepita akikualika, ukasema, "Nipo hapa kwa muda tu." Kadi ya zaka iko kwa wazazi, jumuiya yako iko kwa wazazi, na kwa wazazi unakwenda Krismasi. Ule "muda tu" una miaka mingapi sasa? Mimi nina rafiki ana minne. Bado mmoja tu, Kanisa litamwandika mkazi wa kudumu na yeye mwenyewe hajui jina la mwenyekiti wa jumuiya yake! Na wewe uliyezaliwa hapo hapo, mwanajumuiya wa siku zote: yule mpangaji aliyehamia mwezi uliopita nyumba ya tatu kutoka kwenu, nani amekwenda kumgongea hodi? Dada anasema katika kituo kizima cha Texas mtu pekee aliyemuuliza jina baada ya Misa alikuwa bibi mmoja Mmeksiko, na hawakuwa na lugha ya kuelewana.

Nilimtumia dada zile kanuni kwa ujumbe, safari hii bila Marcel. Wiki moja kimya. Kisha akaandika kwamba amekwenda mwenyewe, siyo kwa simu, kwenye parokia ya mahali walipo sasa, mtoto mgongoni kwa khanga, mkataba mkononi. Paroko aliwaweka wakae. Amewauliza mambo mengi, wanasali pamoja au la, nani atakuwa msimamizi, wakihama watafanyaje. Amewapa mafundisho ya jioni nne, na anazipanga kufuata zamu za dada. Wanapaswa kuwepo Misa kila Jumapili, na shemeji ameanza kulalamika kwamba Jumapili ndiyo siku ya kumwaga tenki.

Ubatizo umepangwa Jumapili ya wiki ya kumi na moja, saa sita mchana kwao, saa tatu usiku huku kwetu. Mama mkubwa ameshaniambia nije na simu yenye chaji. Mkataba mpya bado haujapatikana, na zimebaki wiki tatu. Mniombee familia hii, hasa mtoto, na muombeeni na paroko yule.

Frateri wenu.