Haki Haidaiwi kwa Kunong'ona

Tarehe 20 Julai 2021 Marcus Rashford, wakati huo mshambuliaji wa Manchester United, aliwaandikia wafuasi wake mtandaoni kwamba amesikia jarida la The Spectator la London linaandaa habari kuhusu faida ya kibiashara aliyoipata tangu aanze kupigania chakula cha watoto. Hakusubiri itoke. Alisema hana haja ya kushirikiana na kampuni yoyote. Anashirikiana nazo ili kazi yake ya nje ya uwanja isonge mbele, na sehemu kubwa ya malipo huenda huko huko. Hakuficha kwamba thamani yake mbele ya wafanyabiashara imepanda tangu alipoilazimisha serikali ya Uingereza kubadili msimamo. Kisha akauliza kwa nini watu hawawezi kutenda jambo jema na likaishia hapo.

Siku tisa kabla ya hapo alikuwa amegonga mwamba kwa mkwaju wa penalti katika fainali ya mataifa ya Ulaya, England dhidi ya Italia, uwanjani Wembley. Matusi ya kibaguzi yalimiminika juu yake na wenzake Jadon Sancho na Bukayo Saka. Mbunge mmoja wa chama tawala aliwaandikia wabunge wenzake akidokeza kwamba kijana huyo angefanya vizuri zaidi kama muda alioutumia kwenye siasa angeutumia kwenye mpira. Baadaye aliomba radhi, lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kusambaa.

Ndani ya lawama zote hizo kuna swali moja: huyu anayewasemea wenye njaa, yeye anapata nini? Ni swali lenye mizizi mirefu, na halistahili kufukuzwa kwa hasira. Sisi wenyewe tumelelewa kuamini kwamba wema wa kweli haupigiwi tarumbeta. Tenda wema nenda zako, husema wazee. Msikitini tunafundishwa kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue, na kanisani tunafundishwa vivyo hivyo. Immanuel Kant naye, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alimtolea mfano mwenye duka asiyempunja hata mtoto kwa sababu uaminifu huvuta wateja. Kitendo chake ni sahihi, alisema, lakini hakina thamani ya kimaadili, kwa kuwa kimezaliwa na hesabu ya faida. Kwa hiyo mtu anayeshtuka kumwona mchezaji tajiri akipigwa picha kando ya maboksi ya chakula, huku jina lake likipamba tangazo la nguo za bei kali, hana roho mbaya. Anasikia ndani yake sauti ya mafundisho ya kale.

Nadhani sauti hiyo ni ya kweli, ila imeelekezwa mahali pasipo pake.

Tuangalie Rashford alifanya nini hasa. Shule za Uingereza zilipofungwa Machi 2020, aliungana na FareShare, shirika linalokusanya chakula cha ziada na kukifikisha kwenye vituo vya misaada. Hapo alikuwa kwenye hisani, na angeishia hapo ningekuwa na machache ya kusema. Lakini tarehe 15 Juni aliwaandikia wabunge barua ya wazi, akitaka watoto wanaopata mlo wa bure shuleni waendelee kupewa vocha za chakula katika wiki za likizo ya kiangazi. Kesho yake Waziri Mkuu Boris Johnson alikubali: pauni milioni 120, kwa ajili ya watoto wapatao milioni 1.3. Oktoba, Bunge lilipokataa kwa kura 322 dhidi ya 261 kuendeleza msaada huo katika likizo zilizofuata, zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi lake. Tarehe 8 Novemba serikali ilitangaza ruzuku ya pauni milioni 170 kwa majira ya baridi.

Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwa Rashford. Zilitoka hazina, yaani kwa walipa kodi, akiwemo yeye. Alichofanya ni kudai. Na katika barua ile alieleza anadai kwa ushahidi gani: mama yake, pale Wythenshawe, kusini mwa Manchester, alifanya kazi kutwa kwa mshahara wa kima cha chini, na bado haikutosha. Familia ilitegemea kifungua kinywa cha shuleni, mlo wa bure wa mchana, vituo vya chakula, majirani na makocha. Huyo ni shahidi anayetoa ushahidi. Hakuna mahakama inayomwambia shahidi atoe ushahidi wake kwa siri ili unyenyekevu wake udhihirike.

Mafundisho yaleyale yaliyotulea yanajua tofauti hii. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wamesema sadaka ya hiari ni bora ifichwe, lakini zaka ya faradhi ni bora itolewe hadharani. Sababu iko wazi. Sadaka ni wema wa mtoaji, na wema huharibiwa na majivuno. Zaka ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na haki ikitolewa gizani hakuna atakayejua nani amelipa na nani amekwepa. Kile ambacho mtu anawiwa hakina sababu ya kuonewa haya. Mtoto kula mchana shuleni, katika nchi iliyoamua kisheria kwamba mtoto wa familia maskini atakula, ni deni la aina hiyo. Anayelikumbusha deni hilo kwa sauti ya juu hajivuni, kwa kuwa deni halilipwi kwa jina lake.

Waandishi waliomkaba Rashford walikichukua kitendo cha kudai haki wakakivisha kanzu ya sadaka, kisha wakakihukumu kwa sheria za sadaka. Na hata sisi tulishiriki kosa hilo. Huku kwetu, ambako mechi za Manchester United hujaza mabanda ya video, habari zake zilipokewa kama hadithi ya mchezaji mwenye huruma, kama tunavyosimulia habari za Sadio Mané na hospitali aliyoijenga kijijini kwao Bambali, Senegal. Ya Mané ni hisani, na nzuri sana. Ya Rashford ilikuwa siasa kwa maana safi ya neno hilo: raia akiiambia dola yake itimize wajibu. Tukizichanganya hizi mbili, tunaishia kupima moyo wa msemaji badala ya kupima madai yake. Ndiyo maana nasema swali la nia, likielekezwa kwa mtu anayedai haki, hugeuka njia ya kutokujibu.

Na ni njia isiyo na mwisho. Mwanzoni mwa Aprili 2020 waziri wa afya, Matt Hancock, alisema wachezaji wa Ligi Kuu wanapaswa kuchangia kwa kukubali kupunguziwa mishahara. Miezi saba baadaye mchezaji mmoja wao alikuwa amechangia kuliko ilivyotarajiwa, na gazeti moja la Jumapili likatangaza kwamba mwanaharakati huyo amenunua nyumba tano zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 2. Ununuzi wenyewe ulikuwa halali. Uzito wa habari ulikuwa katika kuyaweka maneno mawili pamoja, mwanaharakati na nyumba, ili msomaji ajimalizie mwenyewe. Rashford alijibu kwamba anaitengenezea familia yake akiba ya baadaye, akaomba kampeni yake isihusishwe na habari ya namna hiyo. Ni jibu la mtu anayejua ukata unavyorudi nyumbani bila kubisha hodi.

Sasa fikiria mantiki ya lawama hiyo. Maskini akidai chakula cha mwanawe, ataambiwa ni mvivu na anataka vya bure. Tajiri akidai kwa niaba yake, ataambiwa ni mnafiki, kwa nini asiuze nyumba zake. Wa kati akisema, hatasikilizwa kwa sababu hana jina. Nani basi anabaki mwenye ruhusa ya kusema? Hukumu isiyomwachia mtu yeyote nafasi ya kudai ni hukumu iliyokwisha kuamua kwamba dai lenyewe lisisikike.

Kuna onyo jingine katika urithi wetu ambalo halitajwi mara nyingi. Al-Fudayl ibn Iyad, aliyeishi katika karne ya nane, alifundisha kwamba kuacha tendo jema kwa ajili ya macho ya watu nako ni riya, yaani kujionesha. Aliyenyamaza ili asionekane anajionesha bado anaishi kwa ajili ya watazamaji; amebadilisha tu vazi. Na mafundisho kuhusu riya tangu mwanzo yalikusudiwa kuwa kioo cha kujitazama mwenyewe. Kuyatumia kupekua kifua cha mwenzako ni dhana mbaya, nayo ina katazo lake.

Lakini sitaki kuhitimisha kwamba wanahabari wafumbe macho. Udhamini una maswali yake, na baadhi ni mazito kuliko yale yaliyoulizwa. Novemba 2020 kampuni ya mavazi ya Burberry ilimtangaza Rashford katika kampeni yake, ikatoa pia fedha kwa vituo vya vijana. Miaka miwili tu kabla ya hapo ilikuwa imefahamika kwamba kampuni hiyohiyo iliteketeza bidhaa zenye thamani ya pauni milioni 28.6 katika mwaka mmoja, ili zisiuzwe kwa bei ya chini na kushusha hadhi ya jina lake. Iliacha desturi hiyo Septemba 2018. Jina la kijana aliyekua akingoja chakula cha msaada likiwekwa juu ya jina la kampuni hiyo, umma una haki ya kuuliza jina lipi linalitakasa lipi. Swali hilo halihitaji kuingia moyoni mwa Rashford. Linajibika kwa kuangalia mikataba, hesabu na matendo.

Ninavyoona mimi, kipimo cha udhamini ni kimoja: je, fedha imeufunga mdomo? Bondia Muhammad Ali alipokataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967 alinyang'anywa mkanda wake, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana. Colin Kaepernick, mchezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa mwaka 2016 kupinga ubaguzi, na tangu msimu huo hakuna timu ya ligi hiyo iliyompa nafasi uwanjani; Nike ilipomweka kwenye tangazo mwaka 2018, wapo waliosema ameuza msimamo wake. Mimi siamini hasara ndiyo cheti cha ukweli. Kumtaka kila msemaji ateseke kwanza ndipo aaminiwe ni kuiacha haki mikononi mwa mashujaa wachache, na watoto hawawezi kungoja shujaa azaliwe. Ila mdhamini akishaingia, lazima tusikilize kwa makini ni maneno gani yameanza kukosekana.

Hapo ndipo nina wasiwasi wa kweli na kampeni ya Rashford. Kikosi kazi alichokiunda Septemba 2020 kuhusu njaa ya watoto kilijaa majina ya maduka makubwa na kampuni za chakula: Tesco, Sainsbury's, Asda, Aldi, Lidl, Kellogg's na nyingine. Walisaidia, na msaada wao ulikuwa na uzito. Lakini watoto wengi wanaohesabiwa maskini Uingereza wanaishi katika nyumba ambamo angalau mtu mzima mmoja ana kazi. Njaa yao, kama ile ya Wythenshawe, ni njaa ya mshahara. Na maduka hayo ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa nchini humo.

Juni 2025 serikali mpya ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 kila mtoto wa England ambaye familia yake inapokea ruzuku ya Universal Credit atapata mlo wa bure shuleni. Kabla ya hapo, familia iliyopata zaidi ya pauni 7,400 kwa mwaka kutokana na kazi ilikuwa ikinyimwa. Upanuzi huo ulikuwa mojawapo ya madai ya kikosi kile, na umekuja bila mtu yeyote kuthibitisha kwanza usafi wa nia ya Marcus Rashford. Swali la mshahara bado halijajibiwa. Mhariri anayetaka kumbana mchezaji huyu, au mwingine yeyote atakayefuata nyayo zake, aache habari za nyumba na aulize hivi: mkataba wako unakuruhusu kuwauliza wadhamini wako wanamlipa nini mwanamke anayefanya kazi kutwa kama aliyoifanya mama yako?