Shadia alijua kuondoka

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Methali hiyo huwa tunamtupia aliyekwisha kuanguka. Shadia, mwimbaji na mwigizaji wa Misri, hakungoja kuanguka. Aliteremka jukwaani mwenyewe, ngoma yake ikivuma.

Alizaliwa Cairo mwaka 1931 akaitwa Fatma Ahmed Kamal Shaker. Aliingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1940, bado kigoli. Watu walimpenda akiwa msichana mcheshi mwenye sauti tamu, na angeweza kuishi kwa sifa hiyo maisha yake yote. Hakuridhika. Akacheza hadithi nzito zaidi, zikiwemo filamu zilizotokana na riwaya za Naguib Mahfouz, kama Miramar.

Mimi namheshimu zaidi kwa nafasi ya Fuada katika filamu ya Shey Min El Khouf ya mwaka 1969. Atris, mbabe wa kijiji, amewafungia wakulima maji. Mashamba yamekauka, ardhi imepasuka, wanaume wamenywea kwa hofu. Fuada anakwenda kwenye lango la mfereji na kulifungua mwenyewe. Maji yanafurika mashambani, na kijiji kizima kinamshangilia. Ukimtazama usoni, huoni mwimbaji wa mapenzi. Unamwona mtu aliyekwisha kuamua.

Katikati ya miaka ya 1980, akiwa na miaka hamsini na ushei, aliamua tena. Aliacha usanii, akavaa hijabu, akashughulika na ibada na kusaidia yatima. Mwaka 2011, wakati wa mapinduzi ya Misri, vijana walipojaa katika uwanja wa Tahrir jijini Cairo, wimbo wake wa Ya Habibti Ya Masr ulisikika upya kila mahali. Huo ungekuwa mwanya mzuri wa kurejea. Hakurejea, hadi alipofariki Novemba 2017.

Sisemi kila msanii aache kazi yake. Nasema kupendwa kunalevya, na wengi wetu hatujui kuinuka mezani kabla ya kuondolewa. Tazama wanasiasa wetu, viongozi wa vilabu, hata mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana ambaye amegeuza kiti kuwa mali ya urithi. Wote wanaamini wakitoka patabomoka.

Shadia alitoka, na nyimbo zake zikabaki. Ewe uliyekalia kiti, kama kazi yako ni njema, itasimama bila wewe. Ondoka ungali unatakiwa.